Nyumba ya shamba kwa filamu ya viumbe wa anga: Mufindi, Tukuyu au Mbozi?

Fundi Taa
Habari za jioni wakuu. Kikundi chetu hapa Mbeya kinataka kupiga filamu fupi ya kuchekesha. Viumbe wa sayari nyingine wanatua usiku kwenye nyumba ya shamba, zile za walowezi zenye dohani na baraza pana, halafu wanagoma kuondoka. Nimezungukia nyumba tatu. Moja iko Mufindi katikati ya chai, nzuri kuliko zote kwa macho. Nyingine Tukuyu, ndogo kidogo, mwenyewe ni mkarimu. Ya tatu iko Mbozi, imechoka ila ina nafasi. Wiki ijayo natakiwa kutoa advansi. Nichukue ipi? Nawasilisha.

Chai ya Rangi
Mleta mada, hujasema bajeti. Hujasema mko wangapi, mnapiga mwezi gani, usiku au mchana, umeme upo au mtabeba jenereta. Na hao viumbe wenyewe wanafananaje? Unauliza bei ya kiatu huku umeficha mguu.

Ngoja Waje
Nimevuta kigoda, nawasubiri wajuvi.

Mnyalukolo Asilia
Kamwene wote. Mufindi, uzi ufungwe. Chai imekatwa sawasawa kama zulia, unapanda juu kidogo unaona mistari mpaka inapotelea kwenye miti. Kiumbe yeyote mwenye akili akiwa angani lazima atue pale. Na baridi ile mwigizaji hahitaji kufundishwa kutetemeka. Mkimaliza pitieni Isimila, kilomita kama 20 kabla ya Iringa mjini. Zile nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua ndiyo sayari waliyotoka. Nenda alfajiri, huhitaji kompyuta kutengeneza chochote.

Mama Parachichi
Huyo kaka hapo juu kila uzi anajibu Iringa, hata ukiuliza dawa ya kikohozi. Mwanangu chukua Tukuyu. Una migomba, una chai hiyo hiyo, na Mlima Rungwe umesimama nyuma ya nyumba bure. Tena msitu wa Rungwe una kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu, wakati wenyeji walikuwa wanamjua siku zote. Sauti yake ni kama honi inayojaribu kubweka. Hiyo ndiyo lugha ya viumbe wako.

Chai ya Rangi
Mama, Tukuyu tunaipenda wote, ila mvua ya kule haina likizo. Nyumba ya bati, mvua ikianza katikati ya mazungumzo maiki haisikii kingine. Mtakuja kuingiza sauti upya studio mistari yote. Kwa filamu ya kuchekesha hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu kichekesho kinakaa kwenye pumzi kati ya neno na neno, na pumzi ile ukiirudia studio huipati tena.

Fundi Taa
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Tuko kumi na mmoja. Siku nne, mwezi wa sita, usiku zaidi. Fedha ya nyumba ni laki sita, ikizidi tunauza simu.

Hadithi yenyewe ni hivi. Viumbe wanakuja kufuata spea. Kimondo cha Mbozi ni kifaa chao kilichochomoka zamani sana. Wanakikuta kina pengo, kwa sababu mwaka 1930 watu wa jiolojia walikata kipande kwa msumeno. Sasa hawaondoki mpaka walipwe fidia. Wanafikia kwenye nyumba ya shamba kwa kuwa wameona dohani wakadhani ni roketi ya wenyeji. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, mbahili, ana mpishi na mlinzi. Viumbe wanachunguza nani mkubwa hapo ndani, wanaamua ni bata mzinga, maana kila anapopita watu wanampisha. Mazungumzo yote ya fidia wanafanya na bata.

Ngoja Waje
Hahaha! Bata anasaini?

Chai ya Rangi
Sasa jambo la kimondo ndilo ungelitaja mstari wa kwanza! Hapo Mufindi inakufa yenyewe. Kutoka Mafinga, mji wa kuingilia Mufindi, mpaka Mbeya ni karibu kilomita 250, ongeza vumbi la kuingia shambani. Watu kumi na mmoja na jenereta, laki sita inaishia kwenye mafuta. Mbozi ni kama kilomita 65 kutoka Mbeya mjini, unapiga kimondo asubuhi, mchana uko kwenye nyumba yako.

Mwana Vwawa
Marekebisho kidogo. Mbozi haiko Mbeya, iko mkoa wa Songwe tangu 2016. Na kimondo kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi. Kwenye filamu msije mkaandika Mbeya, tutawasusia.

Mnyalukolo Asilia
Kwani kilipodondoka kulikuwa na Songwe?

Mwana Vwawa
Na Iringa ilikuwepo? Tulia wewe. Mleta mada, ukifika utaona kitu kingine cha kukusaidia. Hakuna shimo la kutua pembeni yake. Mwanzo kilikuwa kimefukiwa nusu, wakachimba kuzunguka, wakaacha udongo wa chini kama kiti na kuujengea zege. Kwa hiyo kinakaa kwenye kitanda chake kama mgonjwa wa heshima. Viumbe wako wanaweza kusifia hilo kwanza, ndipo walione pengo wakasirike. Tani 12 zile, chuma zaidi ya asilimia 90, nikeli karibu 9. Aliyekata kwa msumeno wa mkono alitoka jasho.

Ngoja Waje
Mbona mimi niliambiwa tani 16?

Mwana Vwawa
Zote mbili zimeandikwa. Nenda na mizani yako.

Mpiga Picha Mstaafu
Wadau, ngoja niwape yaliyonikuta ili kijana asije akalia. Miaka ya nyuma tulikodi nyumba ya aina hiyo hiyo upande wa Mufindi, sitaitaja. Mwezi wa saba. Siku ya kwanza tunaamka saa kumi na mbili, hakuna dunia. Ukungu umeingia mpaka barazani, mwisho wa macho ni nguzo ya tatu. Tukasema huu ndio wenyewe, piga. Tukampiga mhusika wa kwanza mazungumzo yake mpaka saa nne. Saa nne na robo ukungu ukanyanyuka wote kwa mkupuo, jua kali, mbingu safi. Wa pili tukampiga kwenye jua. Ukiunganisha, mmoja anauliza akiwa Mufindi, mwenzake anajibu akiwa Dodoma. Siku ya pili tukausubiri ukungu, haukuja. Siku ya tatu ukaja, haukuondoka.

Hilo dogo. Usiku wa tatu vijana wawili wamevaa suti tulizoshona kwa foili za kufungia nyama, kichwani taa za kijani. Wanatakiwa wakatize kwenye chai kuelekea dirishani. Sisi tumezima taa zote ili za kwao zionekane. Kumbe kuna watu wanarudi kutoka msibani kwa njia ile ile. Nilisikia yowe moja, halafu filimbi, halafu mayowe kila upande. Haikuisha nusu saa tumezungukwa, marungu na mapanga, na hakuna aliyeuliza filamu ni ya aina gani. Vijana wanataka kuvua suti, hazivuliki, tumewashonea mgongoni! Mmoja akapiga magoti akaanza Baba Yetu kwa sauti ya juu. Bibi mmoja akasema, "Huyu anajua sala, mwacheni." Mwenyekiti wa kijiji akafika amejifunga blanketi, akaomba barua. Barua tulikuwa nayo, ya wilayani. Nakala ya kijiji hatukuwa tumepeleka. Tukalala ofisini kwake na foili zetu. Asubuhi tukapewa uji, tukasamehewa. Mwenye nyumba naye akakataa kurudisha hela ya siku ya nne, kasema tumemletea mkosi.

Kwa hiyo kata kibali cha Bodi ya Filamu, droni kama unayo waone mamlaka ya usafiri wa anga, kwenye kimondo waone wahifadhi, siku hizi kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Halafu siku moja kabla, suti zile zivaliwe mchana, vijana wakasalimie kijiji kizima. Watoto wawashike. Usiku hakuna atakayekimbia.

Mama Parachichi
Pole baba. Ila ona, angekuwa Tukuyu wangekaribishwa ndizi.

Mnyalukolo Asilia
Mzee alitakiwa kupeleka ulanzi kwa mwenyekiti, si barua. Na mleta mada, viumbe wako wakifika kwa huyo mzee mbahili wanakunywa nini? Weka ulanzi. Unakata mwanzi mchanga jioni, unakinga, asubuhi mtamu kama juisi, jioni yake unagombana na kivuli. Wao wanadhani ni mafuta ya chombo chao.

Mwana Vwawa
Mbozi ni kahawa. Wape kahawa, wasilale siku nne.

Chai ya Rangi
Mwezi wa sita ulanzi wa mwisho mwisho huo, mtauziwa maji. Turudi kwenye nyumba. Mleta mada, hiyo ya Mbozi "imechoka" maana yake nini? Dohani ipo? Vyumba vinapitana? Hadithi kama yako inaishi kwa milango: mpishi anatoka huku, kiumbe anaingia kule, mzee hamwoni hata mmoja mpaka mwisho. Nyumba ya chumba kimoja kikubwa itakuua hata ikiwa ya bure.

Fundi Taa
Ya Mbozi ina milango sita ila dohani ilianguka. Ya Tukuyu dohani ipo, milango mitatu. Mufindi ina vyote, dohani mbili.

Ngoja Waje
Jenga dohani ya maboksi.

Mpiga Picha Mstaafu
Ya maboksi inakubalika, ila ipigwe usiku na isinyeshewe. Bata mzinga umepata? Huyo ndiye mwigizaji mgumu kuliko wote. Anachukia taa.

Fundi Taa
Nina bata bukini wawili wa shangazi.

Mama Parachichi
Bukini si mzinga. Bukini atawauma hao viumbe kabla hamjawasha kamera.

Mnyalukolo Asilia
Mimi nina mzinga. Yuko Mufindi.

Chai ya Rangi
Nilijua tu.

Ngoja Waje
Mleta mada, wiki imepita, ulilipia wapi?

Mwana Vwawa
Wahusika wa kimondo kawaona? Mbona kimya?

Ngoja Waje
Mzee Mstaafu, zile suti za foili bado unazo? Nina mahafali ya mwanangu.