Mtoto ambaye mwili haumtii, je, anawaelewa wenzake?

Mzazi, Nkuhungu

Ndugu zangu, nimetoka kwenye kikao cha wazazi cha shule moja hapa Dodoma na roho inaniuma. Baba mmoja alisimama akataka mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hali inayofanya viungo visimtii mtu, aondolewe darasa la tatu. Hakuzungumzia viti wala vyoo. Alisema wanasayansi wamegundua kwamba sehemu ya ubongo inayoendesha mikono ndiyo inayotuwezesha kuwaelewa watu, kwa hiyo asiyeweza kuendesha mikono yake hawezi kuwaelewa wenzake, anapotezewa muda tu. Wengi walinyamaza kama waliokubali.

Ugunduzi wenyewe ni wa kweli. Kule Parma, Italia, kundi la Giacomo Rizzolatti lilipima seli za ubongo wa kima, likaona baadhi ya seli zinazotoa ishara kima anaposhika kitu hutoa ishara vilevile anapomtazama mtu akikishika. Walichapisha mwaka 1992, na baadaye seli hizo zikaitwa nyuroni za kioo. Lakini kutoka hapo hadi kumfukuza mtoto darasani, nani alituvusha? Nasema hoja ile ni potofu. Anayeona vingine aseme.

Mwalimu, Bahi

Dada yangu, baba yule kakosea hukumu, ila msingi wake usiudharau. Mwaka 2005 watafiti wa London waliwapima wacheza baleti, dansi ya jukwaani ya Kizungu, na wacheza capoeira, mchezo wa Kibrazili unaochanganya dansi na mapigano, wakitazama video. Sehemu za ubongo zinazohusika na mwendo zilichangamka zaidi kila mmoja alipotazama mtindo aliouzoea mwilini mwake. Sisi Wagogo hatuhitaji mashine kulijua hilo. Mtazame mama aliyekua akipiga muheme, ngoma yetu ya wanawake, akiwa amekaa tu pembeni: anajua mpigaji anabadilisha wapi kabla mkono haujashuka. Mimi niliyekua nikitazama huwa nashtukia limeshapita. Mwili unafundisha kuelewa. Sasa mtoto ambaye mwili haujamfundisha, kweli hana alichokosa?

Mzazi, Nkuhungu

Mwalimu, mfano wa muheme nimeupenda, na nakubali kuna kitu anakosa. Ila huyo mama anakuzidi kwa ufundi wa ngoma. Hakuzidi kwa kujua kwamba mpigaji ana furaha au amechoka, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Wako watu wanaozaliwa misuli ya uso imepooza, hali inayoitwa sindromu ya Moebius. Hawawezi kutabasamu, hawawezi kukunja uso. Hata hivyo wengi wao husoma furaha na huzuni kwenye nyuso za wengine. Tazama pia waliopata kiharusi: yupo anayetafuta neno moja dakika nzima, lakini ukimsimulia habari za nyumbani anafuata na machozi yanamtoka. Mmarekani Gregory Hickok ametumia ushahidi wa namna hii kupinga wazo kwamba kuelewa matendo kunategemea mfumo wa mwendo. Mwendo unasaidia, sawa. Lakini msaada si mlango wa pekee.

Mtoa mazoezi ya viungo, Makole

Niongeze la kazini. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua vizuri kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Wapo watoto ambao pia wana ulemavu wa akili, tusifiche. Wapo wengi ambao hawana. Hilo hupimwa kwa mtoto mmoja mmoja, tena kwa uangalifu, maana kipimo kinachomtaka ashike penseli kinapima mkono. Nimewaona watoto wanaocheka kabla kichekesho hakijaisha, lakini jibu linachelewa kutoka. Mtu mzima hasubiri, anaondoka akisema mtoto hajaelewa.

Mwalimu, Bahi

Hapo kwenye kusubiri nimejiona. Darasa la watoto wengi, nauliza, nahesabu mpaka tatu, naita mwingine. Hoja ya kumtoa siiungi mkono tena. Iliyobaki kwangu ni hii: nani atampa mwalimu muda huo?

Mzazi, Nkuhungu

Hilo ndilo swali nililotaka liulizwe kikaoni, mwalimu wangu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa mtoto huyu haki ya kusoma, lakini haijamwongezea mwalimu wake dakika. Mtoto mwenyewe anajibu kwa macho: juu ni ndiyo, chini ni hapana. Jirani yake wa dawati, wa miaka tisa, ndiye anayemtafsiria. Tunakutana tena Jumamosi, na nitaomba mtoto mwenyewe naye aulizwe, kisha tusubiri.