Taylor alikufa 1915, mbona bado anatupangia muda wa kwenda chooni?

Usiku_Mrefu:
Wakuu habari za jioni. Mimi nafanya kazi kituo cha simu, huduma kwa wateja, na jioni nasoma diploma ya utawala wa biashara. Wiki iliyopita mwalimu katufundisha zile nadharia za zamani za menejimenti, Taylor yule Mmarekani wa kupima kazi kwa stopwochi, Fayol Mfaransa wa ngazi ya amri, Weber Mjerumani wa kanuni na faili za ofisi, akamalizia kwamba hizo ni historia tu, siku hizi kampuni zinamwangalia binadamu kwanza, sisi tukariri tufaulu mtihani. Nimekaa zangu nyuma nimetoka shifti ya usiku nikabaki nacheka peke yangu. Kwetu ukitaka kwenda chooni unabonyeza kitufe kwenye skrini saa inaanza kuhesabu, zikipita dakika 7 jina lako linageuka jekundu kwenye tivii kubwa ya ukutani kila mtu anaona. Simu moja isizidi dakika 4. Juzi kapiga bibi mmoja hela yake imeenda namba siyo, analia, meseji hawezi kusoma, nikakaa naye dakika 11 mpaka tukaelewana, mwisho wa mwezi bonasi imekatwa.

Sasa swali, hii si ndo ile ile stopwochi ya Taylor au kuna kitu sijakielewa? Asaimenti ni ya Ijumaa.

FundiOvaloki:
Hujakosea hata kidogo mdogo wangu. Nimekaa miaka 6 kiwanda cha nguo, laini ya mashati, nikaanzia kushona kola mpaka nikawa supavaiza, yaani stopwochi nilikuwa naishika mimi mwenyewe nasimama nyuma ya mtu nampima kola moja anatumia sekunde ngapi. Kuna dada alishona kola tu miaka minne mfululizo, kola kola kola, siku mwanae anahitaji shati la shule akapeleka kitambaa kwa fundi wa mtaani maana kuunga mkono wa shati hajui. Huyo ndo Taylor kamili, kazi inakatwa vipande, kufikiri kunapelekwa ofisini, mikono inabaki mashineni.

Ila kuna kipande watu wanakiruka. Kule Bethlehem, Pennsylvania, Marekani, mwaka 1899 vibarua walikuwa wanabeba mapande ya chuma kuyapakia kwenye behewa, pande moja pauni 92, kama kilo 42 hivi. Mtu alikuwa anapakia tani 12 na nusu kwa siku, Taylor akasema inawezekana 47 na nusu, na yule kibarua aliyemwita Schmidt akafika, mshahara ukatoka dola 1.15 ukaenda 1.85. Sasa alifikaje? Taylor alipiga hesabu akaona mtu wa mzigo ule anatakiwa awe amebeba asilimia 43 tu ya siku, asilimia 57 mikono iwe mitupu, kwa hiyo Schmidt alikuwa na msimamizi wa kumwambia sasa beba, sasa kaa chini pumzika. Ile saa ilikuwa inapima na pumziko! Mabosi wetu wamechukua saa, pumziko na nyongeza ya mshahara wamesahau Pennsylvania. Hilo ndo ningeliandika mimi kwenye asaimenti.

Masijala_Chumba_Na_2:
Mmemkalia Taylor tu, kwa sisi wa serikalini anayetutesa ni Fayol, au tuseme Fayol aliyesomwa nusu. Mimi niko masijala, barua ikitaka kutoka idara hii kwenda ya jirani, milango inatazamana, inapanda kwa mkuu wa kitengo, inaenda kwa mkuu wa idara, inavuka, inashuka tena upande wa pili, kila meza dokezo na sahihi. Mwaka juzi gari la ofisi lilikaa wiki mbili limeishiwa tairi wakati tairi ziko stoo na stoo iko hatua 20 kutoka lilipopaki, mwenye kusaini yuko semina.

Sasa cheki hii. Mwaka 1861 Fayol ni injinia kijana kwenye mgodi wa makaa ya mawe kule Commentry, Ufaransa, asubuhi farasi wa mgodini kavunjika mguu. Akaandika hati apewe farasi mwingine, mtunza zizi akakataa, hati haina sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi hayupo na hakuacha mtu. Kazi ikasimama. Farasi wapo zizini wanakula majani! Hilo akaliandika kwenye daftari lake, na ndo maana miaka mingi baadaye, ameshaiongoza kampuni nzima tangu 1888, kitabu chake cha 1916 kina ngazi ya amri ndiyo, lakini kina na daraja: watu wawili wa idara tofauti waongee moja kwa moja ilimradi mabosi wao wanajua na wameridhia. Vyuoni ngazi inachorwa ubaoni kubwa, daraja linapita kama tangazo la kifo redioni.

Weber simgusi sana, yeye alitaka kanuni na faili ili ukija kaunta usiulizwe wewe mtoto wa nani. Hilo nalitetea mpaka leo.

Jua_la_Athi:
Nyinyi mnamsafisha Taylor sana aisee. Kazi imepanda karibu mara nne, mshahara umepanda asilimia 60, hiyo tofauti imeenda kwa nani? Na huyo huyo ndiye aliandika kwamba mtu wa kufaa kubeba chuma ni mzito wa akili, anafanana zaidi na ng'ombe. Mapumziko ya Schmidt si huruma bana, hata punda anapumzishwa ili kesho abebe tena.

Halafu wafanyakazi hawakukaa kimya. Agosti 1911 kwenye kiwanda cha silaha cha serikali Watertown, Massachusetts, mafundi wa kusubu chuma waliacha zana wakatoka kwa sababu mwenzao alikataa kupimwa na stopwochi akafukuzwa. Bunge la Marekani likaunda kamati, Taylor akaitwa kuhojiwa, na 1915 likapiga marufuku stopwochi kwenye viwanda hivyo vya silaha. Ford naye, yule wa kiwanda cha magari, laini ya 1913 ilishusha muda wa kuunganisha chasi moja kutoka masaa 12 na nusu hadi kama lisaa limoja na nusu, lakini watu walikuwa wanakimbia kazi hadi Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ili wakae. Kwa hivyo @Usiku_Mrefu mwambie mwalimu wako historia iko kwenye tivii ya ukuta wenu.

FundiOvaloki:
@Jua_la_Athi kwa hesabu ya nani kala tofauti nimekubali, sina jibu. Ila mimi nilipowaruhusu watu wangu dakika 5 kila baada ya saa mbili kola mbovu zilipungua, niliziona kwenye ndoo ya rijekti kwa macho yangu. Meneja aliponigundua akazifuta hizo dakika akasema tunachelewa.

Usiku_Mrefu:
Duh asanteni sana wakuu. Nimeamua naanza na farasi, halafu yule bibi wa dakika 11. @Masijala lile daraja linachorwaje, ni mstari wa kulala kati ya wawili wa chini au? Nijibu nikitoka shifti, hapa nimebonyeza kitufe cha chooni na nimebakiza dakika moja.

Masijala_Chumba_Na_2:
Ndiyo, mstari wa kulala, vitone vitone. Kimbia.