Chumba kidogo: kitanda cha droo, cha kunyanyua godoro au cha juu? Naombeni ushauri

Kabati_Limejaa

Habari za muda huu wakuu. Niko njia panda. Chumba changu cha kulala ni kidogo na kitanda nilichonacho kina miguu mifupi, uvunguni hapaingii hata begi. Nguo zimejaa kabatini, mablanketi yako juu ya kabati, vitabu vimekaa kwenye maboksi nyuma ya mlango, na sasa nahitaji pia pa kuweka meza ya kufanyia kazi.

Nimeshaongea na fundi, anasubiri nimwambie aanze kipi kati ya hivi: kitanda chenye droo uvunguni, kitanda cha sanduku ambacho godoro linanyanyuka na shokapu za gesi, vitu vinakaa ndani, au kitanda cha juu, chini yake ikakaa meza.

Walio navyo waniambie kipi kinaokoa nafasi zaidi. Nataka kumpa jibu kabla wiki haijaisha.

Ghorofani

Cha juu bila kufikiria mara mbili. Nimelalia kitanda cha juu miaka yote ya masomo na hadi leo ninacho. Ile sehemu ya sakafu inayoliwa na kitanda unarudishiwa yote. Droo na masanduku vinakupa pa kuficha vitu, lakini pa kukanyaga havikuongezei.

Seremala_Mstaafu

Kabati_Limejaa, umesema chumba ni kidogo. Kidogo kiasi gani? Hapa hatuwezi kukushauri bila vipimo. Taja urefu na upana, kimo cha kutoka sakafuni hadi darini, mlango uko ukuta gani na unafungukia wapi, dirisha liko wapi. Unalala peke yako au mko wawili? Chumba ni chako au umepanga?

Bi_Mpangilio

Naunga mkono maswali ya mzee hapo juu, ila jibu langu halibadiliki: droo. Droo unaivuta kwa mkono mmoja hata kama kuna mtu amelala. Kitanda cha kunyanyua kila ukitaka soksi utoe mito, utoe shuka, unyanyue. Mwisho wa siku watu wanatupia humo vitu wasivyovitumia, na nafasi imekufa.

Kabati_Limejaa

Samahani wakuu. Chumba ni futi 9 kwa 10. Nalala peke yangu, kitanda kitakuwa 4 kwa 6. Mlango uko ukuta wa futi 9, karibu na kona, na unafungukia ndani. Nyumba ni ya kupanga.

Seremala_Mstaafu

Dari?

Mama_Wawili

Wakati tunasubiri dari, mdogo wangu naomba nikueleze kuhusu hicho cha kunyanyua, maana nimeishi nacho na kimenitesa.

Tulitengenezewa cha 5 kwa 6 na fundi tuliyeambiwa ni mzuri. Godoro letu ni la springi, zito. Yeye akaweka shokapu alizokuwa nazo dukani, ndogo, akasema zitatosha. Tangu siku ya kwanza kunyanyua ilikuwa kazi ya watu wawili. Baada ya muda gesi ikaanza kupungua, kitanda kikawa hakikai juu. Siku moja nimeinama natoa mashuka ya watoto, fremu yote na godoro lake vikashuka. Niliwahi kutoa kichwa, mkono ukabanwa hapa katikati ya kiwiko na kiganja. Nilikaa na uvimbe muda mrefu, na nikitazama wanangu wanavyopenda kuchezea humo ndani moyo unanienda mbio.

Fundi akaitwa, akabadilisha akaweka zenye nguvu kupita kiasi. Sasa ikawa godoro likitolewa fremu inaruka yenyewe juu. Bawaba alizifunga kwenye chipbodi, si kwenye mbao, kwa hiyo skrubu zikaanza kutoka na unga wake. Upande mmoja ukalegea, kitanda kikawa kinafunga kimekaa mshazari.

Na hilo halijawa kubwa. Sanduku lilikaa chini kabisa sakafuni, halina miguu, halina tundu hata moja la hewa. Juu, badala ya chaga, aliweka ubao mmoja mzima wa plaiwudi. Tulipokuja kugeuza godoro tukakuta chini yake madoa meusi ya kuvu na harufu ya unyevu, na mablanketi ya ndani yote yameshika harufu ileile. Niliyafua, nikayaanika, hayakurudi kuwa vile. Fundi alipopigiwa tena hakupokea.

Kwa hiyo mimi nasema hapana.

Kitasa

Pole sana Mama_Wawili. Lakini hapo tatizo ni fundi. Mimi nina cha kunyanyua na kinafanya kazi vizuri, sina ninachojutia. Masanduku ya safari mawili makubwa yanaingia humo yamelala. Niambie droo gani itabeba sanduku la safari.

Mama_Wawili

Kitasa, nakubali fundi alikosea. Ila cha droo kikiharibika, droo inagoma kufunguka basi. Hakikuangukii mwilini.

Seremala_Mstaafu

Mama ameeleza vizuri, na makosa yote aliyoyataja nimeyaona kwenye vitanda vya watu nilivyoletewa kurekebisha. Kwa anayetaka cha kunyanyua, sikilizeni.

Shokapu ya gesi imeandikwa nguvu yake ubavuni, namba ikifuatwa na herufi N. Fundi inabidi ajue uzito wa godoro pamoja na fremu kabla hajachagua, na ajue pia ataifunga umbali gani kutoka kwenye bawaba, maana ukiisogeza hata kidogo nguvu inayohitajika inabadilika. Ukibadilisha godoro la sponji ukaweka la springi, hesabu imevunjika. Zifungwe mbili, nguvu sawa, na kitanda kikiwa kimefungwa ule mti mwembamba wa chuma unaoingia na kutoka kwenye shokapu uelekee chini ili mafuta ya ndani yabaki kwenye mpira wa kuzuia gesi. Na iwepo fimbo ya usalama ya kuegemeza kila unapoingiza mikono. Bawaba zishike kwenye mbao ngumu.

Kuhusu kuvu: mwanadamu anatoa jasho na mvuke usiku kucha na sehemu yake inashuka godoroni. Godoro linahitaji chaga zenye nafasi katikati, kama inchi 2 hadi 3 kwa godoro la sponji. Zaidi ya hapo linaanza kuzama katikati ya mbao. Sanduku lenyewe linyanyuliwe kidogo kutoka sakafuni na litobolewe pembeni.

Kabati_Limejaa, bado sijaona kimo cha dari.

Kabati_Limejaa

Nimepima sasa hivi mzee wangu. Futi 8 kamili. Na kuna feni ya darini, nilisahau kusema.

Seremala_Mstaafu

Basi cha juu kitoe kwenye orodha. Feni peke yake inatosha kukiondoa. Mtu anaamka gizani, ananyoosha mkono.

Hata bila feni, piga hesabu. Kiti cha meza kina kimo cha kama futi 1 na nusu, na mtu mzima aliyekaa, kutoka makalioni hadi utosini, ni karibu futi 3. Hizo ni 4 na nusu ili kichwa kisigonge. Fremu na godoro la inchi 6 zinakula futi 1 nyingine. Umefika 5 na nusu. Kati ya godoro na dari zimebaki futi 2 na nusu, na mtu anataka 3 ili akae wima. Utakuwa unaingia kitandani kwa kutambaa na kutoka kwa kutambaa, na joto lote la chumba linapanda huko juu.

Ghorofani

Mzee, wapo tunaoishi hivyo na hatuna shida. Kitandani mtu analala, hakai. Feni ya darini inatolewa, inawekwa ya ukutani.

Bi_Mpangilio

Amesema nyumba ni ya kupanga, atatoaje feni ya mwenye nyumba? Na akiugua homa, apande na kushuka ngazi usiku? Kutandika tu kitanda cha juu ni shughuli, kona ya ukutani huifikii mpaka upige magoti juu ya godoro. Kufunga chandarua nako huko juu ni mtihani.

Ghorofani

Sijasema ni cha kila mtu. Nimesema kinaokoa sakafu, na hilo ndilo aliloliuliza.

Nuru_ya_Asubuhi

Mbona hamjagusa kitanda cha kukunjia ukutani? Asubuhi unakisimamisha, chumba kizima kinakuwa ofisi. Si kitu kipya, William Lawrence Murphy wa San Francisco alivipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwanzoni mwa karne ya 20, vikaenea hadi jina lake likawa jina la kitanda chenyewe. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa huko Marekani iliamua kwamba neno hilo limeshakuwa la watu wote, kampuni haiwezi kulimiliki tena.

Kitasa

Vizuri, lakini kinafungwa ukutani kwa boliti. Nyumba ya kupanga, ukuta wa mtu. Na kabla ya kukishusha kila usiku sakafu iwe tupu. Yeye ana maboksi ya vitabu.

Nuru_ya_Asubuhi

Maboksi si ndiyo ya kupunguza? Naona tunajadili mbao tu wakati tatizo ni vitu. Atoe kila kitu kabatini, asichokivaa mwaka mzima agawe. Inawezekana hata kitanda kipya hahitaji.

Bi_Mpangilio

Hapana, dada. Kila mtu akiuliza kuhusu nafasi anaambiwa agawe nguo. Vitabu ni vya kazi yake, mablanketi ni ya msimu wa baridi. Mtu ana haki ya kuwa na vitu vyake na kuvipangia mahali.

Nuru_ya_Asubuhi

Sijasema agawe vitabu. Nguo zilizokuwa ndogo miaka iliyopita, hizo nazo ni za kazi?

Seremala_Mstaafu

Turudi chumbani. Jambo ambalo watu hawapimi ni nafasi ya kufungukia. Kila mtu anapima kitanda, anapima kabati, anaona vimeenea, anasahau kwamba droo inatoka, mlango wa kabati unazunguka, kiti kinarudi nyuma.

Chukua chumba hiki. Kitanda kikae kona ya ukuta ulio mkabala na mlango, ubavu wake ukigusa ukuta mrefu. Upana zimebaki futi 5. Kabati upande wa pili ni futi 2 kwenda ndani, maana nguo kwenye henga haikai vizuri kwenye kabati jembamba zaidi. Katikati umebakiwa na 3. Droo ya uvunguni yenye kina cha futi 2 ikitoka, imebaki 1. Huwezi kupiga magoti mbele yake. Kwa hiyo mwambie fundi droo ziwe za futi 1 na nusu, na ule uvungu wa nyuma unaobaki uufikie kwa kubandua godoro mara mojamoja. Huko weka mablanketi.

Meza ikae miguuni mwa kitanda, ukuta uleule mrefu. Urefu wa chumba ni 10, kitanda na fremu yake kinachukua 6 na kidogo, meza ya futi 3 na nusu inaingia. Ila mlango uko kona ipi? Upande wa kabati au upande wa meza?

Kabati_Limejaa

Upande huo wa meza mzee. Ukifunguka unalala kwenye ukuta ule mrefu.

Seremala_Mstaafu

Hapo mpango wangu umevunjika. Muulize mwenye nyumba kama ataruhusu bawaba zihamishiwe upande wa pili wa fremu. Ni kazi ndogo, na siku ya kuhama inarudishwa. Ikishindikana, meza iwe ubao wa kukunja.

Mama_Wawili

Ubao wa kukunja nao si unafungwa ukutani?

Kitasa

Unaweza kufungwa ubavuni mwa kabati, mradi kabati ni imara. Wengine tunafanya hivyo.

Mama_Wawili

Hilo mimi naliogopa. Kabati lisiloshikwa ukutani, ukiegemea ubao linakuja. Na juu yake kuna mablanketi, uzito uko juu. Huko Marekani makabati ya droo yameangukia watoto hadi wakapitisha sheria mwishoni mwa 2022 ya kupima kama yanaweza kusimama droo zikiwa wazi. Chochote kirefu kishikwe ukutani hata kama ni nyumba ya kupanga. Matundu mawili ya skrubu yanazibwa ukihama.

Bi_Mpangilio

Hapo umenena. Na uzito ushushwe chini: vitabu kwenye droo za uvunguni, vitu vyepesi juu.

Seremala_Mstaafu

Vitabu kwenye droo pana, angalia. Karatasi ni nzito, ubao wa chini wa droo utapinda na reli zitatoka. Vitabu viwekwe kwenye droo ndogo, au rafu ya juu ya mlango, karibu na dari, ikishikwa na mabano ya chuma.

Ghorofani

Mnaona? Tumerudi kutoboa ukuta. Kitanda cha juu kinasimama chenyewe na rafu zinafungwa kwenye nguzo zake.

Kabati_Limejaa

Nawashukuru wote. Nimempigia mwenye nyumba, mlango amekataa, matundu ya kushikia kabati amekubali. Fundi naye anasema droo za futi 1 na nusu anaweza, lakini ananishawishi nichukue cha kunyanyua kwa sababu hakina reli za kununua. Nimebaki kati ya droo na yale masanduku ya mbao yenye magurudumu yanayoingia uvunguni bila reli, ambayo mke wa jirani amenionyesha. Kuna aliyewahi kuyatumia?

Bi_Mpangilio

Ninayo. Chukua magurudumu ya mpira, ya plastiki ngumu yanachubua sakafu. Na sanduku liwe na mfuniko, vumbi la uvunguni ni jingi kuliko unavyodhani.

Kitasa

Na mawili kati ya hayo magurudumu yasizunguke, yaende mbele na nyuma tu. Yakizunguka yote manne sanduku linakwenda mshazari na kukwama kwenye mguu wa kitanda.

Seremala_Mstaafu

Sakafu yako ni ya vigae, saruji au kapeti?