Mjadala: Kanuni ikibishaniwa mezani, la mwisho ni la kitabu au la mwendesha mchezo?

Wadau, naleta mada ambayo kila wakikutana watu wa Dungeons & Dragons lazima izuke, na mara nyingi inaishia kwa kununiana. Kwa mgeni: ni mchezo wa kuigiza mezani. Kila mchezaji ana mhusika wake, na mmoja wao anakuwa mwendesha mchezo. Huyo anasimulia yanayotokea na anawachezea maadui. Jambo likiwa na mashaka, dadu la pande 20 linaamua. Kanuni ikigombaniwa, yeye huyohuyo ndiye refa. Refa ambaye pia ni kocha wa timu pinzani! Kasheshe inaanzia hapo.

Msimamo wangu: akiamua, afuatwe palepale, tusile nusu saa kwa ubishi. Ila uamuzi huo ufe na kikao kile. Mchezo ukiisha, kitabu kifunguliwe, kila mtu aseme lake, tutakachokubaliana kiandikwe daftarini na kimbane yeye pia.

Wapo wanaosema kitabu ndicho sheria, wapo wanaosema mwendeshaji ndiye sheria. Kuna kisa kimoja kinachowaumbua wote. Tunatumia toleo la 5, vitabu vya 2014. Adui kajificha kwa uchawi wa kutoonekana. Mchawi wetu naye kajiwekea uchawi wa kuwaona wasioonekana, kwa hiyo anamwona laivu, kasimama pale mlangoni. Anataka kumrushia moto. Mwendeshaji anamwambia: rusha dadu mara mbili, chukua namba ndogo. Mchawi anaruka: "Si namwona huyu hapa!" Mwendeshaji anafungua kitabu na kuweka kidole kwenye mstari. Hali ya kutoonekana ilikuwa na vipengele viwili. Cha kwanza, huonekani bila msaada wa uchawi au uwezo maalumu. Cha pili, anayekushambulia anarusha kwa hasara, yaani hiyo ya dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo. Na hicho cha pili hakikusema popote "isipokuwa akikuona".

Jeremy Crawford, msanifu mkuu wa kanuni wakati ule, alipoulizwa alisimama na maandishi yalivyo. Kisha vitabu vya 2024 vikaja na kurekebisha: anayekuona, hasara hiyo haimhusu.

Haya, kwa miaka 10 hiyo nani alikuwa na haki? Wa kitabu walishika mstari uliokuja kubadilishwa na wenyewe walioutoa. Wa mwendeshaji nao wasifurahi, kwa sababu hapa mwendeshaji alikuwa na mamlaka yote ya kusema "haiingii akilini, rusha mara moja", akachagua kujificha nyuma ya kitabu. Meza yenye mazoea ya kukaa baada ya mchezo ingelimaliza hili jioni ileile.

Ubishi wenyewe ni mkongwe kuliko D&D, iliyotoka 1974. Huko Prussia, mwaka 1824, luteni mmoja aitwaye Georg von Reisswitz alileta mchezo wa vita wa kufundishia maofisa: ramani, dadu, majedwali na mwamuzi. Majedwali yakawachosha watu. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza yawekwe kando, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Jeshini naelewa, mwamuzi ni ofisa anayeijua kazi. Sisi mwendeshaji wetu hajawahi kupigana na joka. Uzoefu wake wa majoka na wangu ni uleule.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, napinga. Ukiweka kikao cha rufaa unawafuga wanasheria wa mezani, watu wanaokuja na kitabu kimejaa alama za kalamu wakisubiri neno moja. Kuna ile hoja yao maarufu: mamia ya wanakijiji wapange foleni, kila mmoja ampokeze mwenzake fimbo, yote ndani ya raundi moja ya sekunde 6, halafu eti ifike mwisho na kasi ya kumpasua joka. Kitabu cha waendeshaji cha 2024 kimelijibu wazi kwamba kanuni si fizikia, na zisomwe kwa nia njema. Na hili nalo tulijadili baada ya mchezo? Mimi nasema hapana, tunaendelea.

MCHANGIAJI WA PILI: Wote mnaongelea meza ya marafiki. Mimi nimecheza Adventurers League, michezo rasmi ya wazi ya D&D, ambako mhusika wako anahama meza, leo kwa mwendeshaji huyu, kesho kwa yule. Daftari la kina fulani linanisaidia nini? Kule bila kitabu hatuelewani.

MCHANGIAJI WA TATU: Swali kwa mleta mada. Uamuzi wa papo hapo umemuua mhusika wangu. Baada ya mchezo mnakubaliana ulikuwa wa makosa. Nafufuka, au nachukua karatasi mpya nianze na mhusika mwingine?

MLETA MADA: Wa kwanza, hiyo foleni ya wanakijiji nakuachia, na hata kikaoni isingepita. Mwenye nia mbaya anajulikana na meza nzima, hatuhitaji kumpa mtu mmoja rungu kwa ajili yake. Wa pili, una haki: penye wageni kitabu kitangulie, daftari libaki la nyumbani.

Wa tatu umenibana kweli. Nalegeza msimamo: uamuzi ukigusa uhai wa mhusika, mchezo usimame hapohapo na kitabu kifunguliwe, hata kama wengine watachoka kusubiri. Kwa sababu kumfufua mtu wiki ijayo, wakati wenzake wameshamzika na kugawana panga lake na viatu vyake vya uchawi, hilo sijui meza inayoweza. Hivyo viatu nani atakubali kuvirudisha?