Donda la mguu la mama haliponi: manjano na matone ya klorofili vinasaidia kweli?

Mwana wa Muheza: Wakuu, habari za jioni. Mama ana donda juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Lilianza kama mkwaruzo mwaka jana, sasa limefika upana wa kiganja cha mtoto. Ngozi inayolizunguka imekuwa nyeusi na ngumu, na maji yanatoka hadi soksi inalowa. Jioni mguu umevimba, asubuhi umenywea. Sukari kapimwa, hana. Zahanati wanamsafisha na kumpa antibayotiki, lakini likipungua kidogo linarudi. Jirani kaleta unga wa manjano tunyunyizie. Kaka naye kanunua matone ya klorofili (ile rangi ya kijani ya majani), kaambiwa yanaotesha nyama. Naombeni ushauri, mama hata shamba haendi tena.

Bi Zuwena: Pole sana mwanangu. Unga usimnyunyizie. Marehemu mama mkwe tulimwekea manjano, yakagandana na usaha yakawa gamba gumu. Nesi alilowanisha kwa maji ya chumvi muda mrefu ndipo likabanduka, na chini yake donda lilikuwa limechimbika.

Mpenda Mizizi: Tusizidharau rangi za mimea jamani. Kule Ugiriki mzizi mwekundu wa alkana ulipakwa kwenye vidonda tangu kale. Miaka ya 1970 mtafiti Papageorgiou wa Thessaloniki hukohuko akaonyesha kwamba rangi yenyewe, alkanini, ndiyo yenye kazi, na marhamu yake ikajaribiwa kwa wagonjwa wa madonda ya miguu kama haya. Klorofili nayo madaktari wa Marekani waliipaka kwenye vidonda sugu miaka ya 1940. Manjano yalipewa hataza (haki ya pekee ya uvumbuzi) ya kuponya vidonda hukohuko Marekani mwaka 1995.

Nesi wa Zamu: Mpenda Mizizi, hataza hiyo ilifutwa mwaka 1997. Wahindi walipeleka maandishi yao ya zamani kuonyesha kwamba si jambo jipya. Hilo halithibitishi kwamba manjano yanaponya. Klorofili sifa yake kubwa ilikuwa kupunguza harufu, na walizotumia hao madaktari zilikuwa marhamu za kupaka. Matone ya dukani ni ya kunywa, msiyamimine kwenye donda.

Mwana wa Muheza, ulivyoeleza (upande wa ndani, ngozi nyeusi, uvimbe wa jioni) naona dalili za tatizo la vena, mishipa inayorudisha damu. Damu inashindwa kupanda kurudi moyoni, inatuama chini, na presha yake inaiua ngozi. Upake rangi gani, presha hiyo iko palepale! Ndiyo maana linarudi. Tiba yake kubwa ni bendeji ya kubana, kuanzia kwenye vidole mpaka chini ya goti.

Mwana wa Muheza: Asante dada. Bendeji za kuvutika zipo famasi hapa, nimfunge mwenyewe?

Nesi wa Zamu: Hapana, usimfunge kabla hajapimwa. Wanapima presha ya kifundo kwa dopla, kifaa kinachosikiliza damu ikipita, wanaigawa kwa presha ya mkono. Ikiwa 0.8 kwenda juu, kwa kawaida anaweza kubanwa sawasawa. Chini ya 0.5 ni marufuku, maana ateri, mishipa inayoleta damu mguuni, zimeziba na bendeji inaweza kumkatisha mguu. Kwa sasa osheni kwa maji safi au ya chumvi, funikeni kwa gozi isiyogandamana, na akilala miguu iwe juu kuliko kifua. Homa ikipanda au wekundu ukitambaa, msisubiri.

Mpenda Mizizi: Hapo nakubali. Mimi nilikuwa natetea mzizi, sikusema uache hospitali.

Bi Zuwena: Na waulize kuhusu kukata kipande kidogo cha nyama ya donda wakipime. Donda la muda mrefu huweza kugeuka saratani.

Mwana wa Muheza: Nimempigia kaka, asinunue chupa nyingine, hela hiyo iwe nauli. Jumatatu tunaenda hospitali ya mkoa. Dada nesi, nikifika niulizie kliniki gani?

Nesi wa Zamu: Ya upasuaji. Beba na dawa zote alizotumia, hata hayo matone.