Seti ya Anubis imenikataa Second Life, pua inachomoza kwenye mdomo wa mbweha. Naombeni ushauri

binti_kisosora: Habari za jioni wakuu. Jumamosi kuna sherehe ya mavazi ndani ya Second Life (ule ulimwengu wa mtandaoni unaoishi kwa avata, yaani mwanasesere wako), mada ni miungu ya kuzimu, sasa mimi nikajifanya mjanja nikanunua seti ya Anubis L$900 (hela ya humo ndani) kwenye duka moja hivi, jina naliacha, hata demo, ile ya kujaribia, sikujaribu maana picha ilikuwa kali, kichwa cha mbweha cheusi tii, kola ya dhahabu, sanda zinaning'inia mikononi, mizani yenye moyo mwekundu unadunda. Kuvaa sasa, vituko. Nikivaa kola mabawa yanavuka, nikirudisha mabawa kola inaruka. Kichwa ndo usiseme, pua yangu inachungulia katikati ya mdomo wa mbweha kama mtoto mlangoni. Na kifuani ngozi imetoboa sanda. Bodi yangu, yaani mwili wa avata, ni LaraX. Nimebaki na L$340. Nifanyeje au niende na dera langu tu?

fundi_meshi: Pole. Hilo la kola na mabawa kosa ni lako si la duka, unabonyeza Wear. Wear inamfukuza aliyekaa hapo mwanzo, na hivyo viwili vimepachikwa sehemu moja ya mwili. Bonyeza Add vitakaa vyote. Pua je, vua kichwa chako cha meshi, kile cha kuvishwa juu ya avata, na nywele zake, halafu ndani ya boksi tafuta kitu kimeandikwa alpha ukivae, hicho ndo kinaficha kichwa cha chini. Watu wanakiacha kwenye boksi wakidhani takataka.

mzee_wa_demo: Dada demo ni bure au L$1, inakuja na kibao tu kinaelea kichwani, uvivu gani huo 😂 Hiyo ya kifuani Add haikusaidii. Rudi kwenye tangazo usome bodi zilizotajwa.

binti_kisosora: Nimeona Legacy, Reborn, Lara. Si ndo hiyohiyo?

mzee_wa_demo: Siyo. Lara na LaraX ni ndugu wa tumbo moja ila nguo hawaazimani. Fungua HUD ya bodi yako, kile kibao cha vitufe kwenye skrini, uzime vipande vilivyo chini ya sanda, kimoja kimoja, huku unatembea na kuinama, maana ukisimama kama sanamu itakudanganya, na ukizima kikubwa unabaki na tundu watu wanaona ukuta wa nyuma. Halafu mtumie mwenye duka notecard, yaani waraka wa humo ndani, siyo meseji ya kawaida, zikijaa hazimfikii. Ulizia ya LaraX. Kurudishiwa hela sahau.

mama_kisauni: Mwanangu kwani nguo zimeisha mpaka uvae shetani?

mwalimu_wa_jioni: Mama, Anubis si shetani. Kwa Wamisri wa kale ndiye mlinzi wa makaburi na msimamizi wa kukausha maiti, na ule weusi wake ni wa udongo wa Nile, rutuba na kuzaliwa upya, mbweha wa porini hana rangi ile. Wa kuogopwa pale ni Ammit, kichwa mamba, mbele simba, nyuma kiboko, anakaa karibu na mizani anasubiri, moyo wako ukiuzidi uzito unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli, anaula na habari yako imeishia hapo. Ila dada hayo mabawa ni ya nini?

binti_kisosora: Ya popo 🙈

mwalimu_wa_jioni: Misri ipi hiyo!

fundi_meshi: Yavue, na uzito utapungua. Wenye laptopu dhaifu huwa wanaweka kikomo, avata ikizidi hapo wanaona kidubwasha cha rangi moja, L$900 yako yote hawaioni.

mama_kisauni: Haya, kama ni mlinzi wa makaburi sawa. Ila usilale nayo.

binti_kisosora: Nimerudi. Kola imekaa, pua imekwisha, mabawa nimetupa. Kifuani nimezima vipande vitatu, nikiinama kuna kitundu kwapani ila nani kasema nitainama. Notecard imeenda. Sasa nimeangalia mizani vizuri, upande mmoja moyo, upande wa pili patupu! Unyoya wa mbuni kwa L$340 nitapata?

mwalimu_wa_jioni: Unapata na chenji. Huyo mwenye duka naona aliuza unyoya akanunua mabawa.