Naomba ushauri: keloidi ya sikio, waanze na kisu au sindano?

Wakuu, habari za majukumu. Mdogo wangu wa kike, miaka 19, aliota keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe) sikioni baada ya kutoga tundu la pili. Sasa imekuwa kubwa kama korosho, inamwasha hasa usiku, na hatoki nyumbani bila mtandio. Inaniuma sana kumwona hivyo.

Daktari anapendekeza waikate, kisha achomwe sindano za triamsinoloni (dawa ya steroidi) ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne hivi. Hapo namwelewa: dawa inawekwa palepale penye tatizo, inapunguza kolajeni (protini inayojenga kovu) inayozidi, na haisambai mwilini kama vidonge vya steroidi. Kinachonitisha ni kisu. Kukata ni kuijeruhi ngozi upya, na tafiti zimeonyesha kwamba ikikatwa tu bila tiba nyingine hurudi kwa asilimia 45 hadi 100 ya wagonjwa. Jirani yetu alikatwa tu, ikarudi kubwa kuliko ya mwanzo.

Kwa waliopitia hili: mlianza na sindano kwanza ili inywee, au mlikata moja kwa moja? Ngozi iliingia weupe pale palipochomwa? Hereni za kubana sikio baada ya upasuaji zinapatikana wapi? Nasikia pia kuna mionzi inayotolewa ndani ya siku moja hadi tatu baada ya kukata, ila kwa umri wake nasita. Aliyewahi kuipata Dar au Mwanza anieleze na gharama zake, tafadhali.